Mama Mkwe Aliyenifukuza Nikavunje Mawe

Jiwe la kwanza lilitua juu ya bati nikiwa bado kitandani.

Nikajua ni watoto wa jirani. Nikavuta shuka.

La pili lilitua kwa kishindo hadi vumbi la dari likaniangukia usoni. Nikatoka nje mbio, kichwa wazi, miguu peku.

Nikamkuta mama mkwe wangu amesimama katikati ya ua. Aproni yake imejaa mawe. Mkono umenyanyuliwa, anataka kurusha la tatu.

"Mama! Kuna nini?"

"Unaniuliza mimi? Aliyekufa ni mwanangu. Mbona unayelala kama maiti ni wewe?"

Na la tatu akalirusha. Nikiwa namtazama. Likapiga bati, likabingirika, likaangukia kwenye ndoo yangu ya maji.

Naomba msome hadi mwisho kabla hamjaanza kunihurumia huko kwenye maoni. Nawajua. Mtanihurumia mahali pasipostahili.

Sasa sikilizeni.

Mume wangu alikuwa mvunja mawe. Machimboni walimwita Nyundo, na jina lilimkaa. Mawe yetu si yale ya kusaga kokoto. Ni mawe mekundu yanayopasuka bapa bapa, na yale ya kipande chetu yana mstari wa kijivu katikati. Hayo ndiyo wenye bustani wanayatafuta kuzungushia maua na kutandaza njia. Wenye nyumba wanayajengea kuta za mbele ili mgeni akifika ajue amefika kwa watu.

Yeye anavunja, mimi nauza kando ya barabara. Tukala, tukajenga, tukampeleka binti yetu shule.

Kisha vumbi la miaka yote likamkaa kifuani. Akakohoa, akakonda, na mvua za mwaka ule zilipokwisha, akaondoka.

Akaniachia kipande.

Niwaeleze kipande ni nini, maana ndicho chanzo cha yote. Machimbo yetu hayana hati. Kila mvunjaji ana sehemu yake ya mwamba, na sheria ni moja tu: kipande kisichovunjwa tangu mvua hadi mvua kinahesabiwa kimelala. Kikilala, hakina mwenyewe. Anayekuja kukiamsha ndiye anayekichukua. Hakuna kulia, hakuna rufaa.

Kwa hiyo mimi mjane ningelala, kipande kingelala, na binti yangu angelala njaa. Nilijua hilo vizuri kabisa.

Lakini sikuwa na wasiwasi. Nilikuwa na shemeji.

Mdogo wake marehemu huyu, watu walimwita Sukari. Ukimsikia akiongea utajua kwa nini. Hajawahi kuniita shemeji tupu. Ni "shemeji yangu wa moyo", "shemeji nguzo ya nyumba". Siku ya tatu baada ya maziko alikuja, akakaa, akafuta machozi.

"Shemeji, wewe pumzika. Umeuguza, umechoka. Kipande niachie mimi. Vijana wangu wapo, watakivunja. Wewe kazi yako ni kulea tu."

Nililia. Nani angekataa maneno hayo?

Na alitimiza. Kila mwisho wa wiki anagonga mlango na unga, mafuta, sabuni. "Mauzo ya kipande hayo, shemeji." Anamnunulia binti yangu kalamu. Anauliza habari za kichwa changu kinachouma. Malaika mtupu.

Mama yao sasa!

Mtaani walimwita Kamanda, kwa siri. Alinichukia tangu siku ya kwanza nilipoletwa nyumbani. Alisema nina miguu ya uvivu. Sijui miguu ya uvivu ikoje, lakini aliitazama yangu akasonya. Mwanawe alipofariki, akanitazama mbele ya waombolezaji wote akasema, "Nilimpa mzima, ananirudishia sanduku."

Nyumba yangu na yake ziko kiwanja kimoja, na kiwanja ni chake. Kila asubuhi nikifungua mlango, sura ya kwanza kuiona ni ile.

Sasa turudi kwenye ua.

"Nataka ukuta," akasema.

"Ukuta gani, Mama?"

"Wa mawe. Kati ya nyumba yangu na yako. Nimechoka kukuona. Nikifungua mlango nione mawe, afadhali mawe yana kazi."

"Sawa, nitamwambia Sukari alete..."

"Nimekwambia wewe. Ukuta, au ufungashe. Kiwanja ni changu."

Akamwaga mawe yaliyobaki kwenye aproni, akaingia ndani, akafunga mlango kwa teke.

Niliketi kizingitini kwa hasira. Nilimchukia yule bibi kiasi kwamba mate yalikuwa machungu.

Nikampelekea Sukari kilio changu. Akacheka kwa upole, akasema bibi kachanganyikiwa kwa msiba. Kesho yake akatuma mkokoteni umejaa mawe. Mazuri, yamechongwa.

Nikamwita mama mkwe kwa kiburi. "Mawe hayo, Mama."

Akainama. Akachukua moja, akaligeuza, akalipiga kwa lingine akasikiliza. Kisha akalitupa.

"Haya ya nani?"

"Ya machimboni."

"Machimboni kwa nani? Mstari wa kijivu uko wapi? Haya si ya kipande cha mwanangu. Mwambie aliyeyaleta ayale."

Na kweli aliyabingirisha yote nje ya geti, moja moja, kwa mguu. Bibi wa umri ule!

Basi nikatafuta kibarua. Nikamwelekeza kipande chetu, akavunja, akaleta. Mstari wa kijivu huo hapo, unaonekana hadi kwa kipofu.

Mama mkwe hata hakuyatazama mawe. Alinitazama mimi.

"Nyoosha mikono."

"Eti?"

"Viganja. Nyoosha."

Nikanyoosha. Akavipapasa kwa dole gumba, akakunja uso.

"Laini. Umetuma mtu. Nilisema wewe. Hujui kuvunja? Umekula jasho la mwanangu miaka yote, sasa utoke lako. Rudisha."

"Mama, kibarua nimeshamlipa!"

"Shauri yako na yeye."

Jamani, siku hiyo nilitaka kufungasha. Niliingia ndani nikavuta begi. Binti yangu akaniuliza tunaenda wapi. Kwetu wazazi walishatangulia. Nikarudisha begi juu ya kabati.

Asubuhi nilichukua nyundo ya marehemu, tindo, kabari na mtaimbo, nikaenda mwenyewe.

Kufika machimboni nikashangaa. Kila upande watu wanagonga, isipokuwa kwetu. Kimya. Chini ya mwamba majani yameota hadi magotini. Uso wa jiwe umefifia, hauna jeraha jipya hata moja isipokuwa pale kibarua wangu alipochokonoa.

Sukari alikuwa kwenye kibanda cha madalali ng'ambo, amevaa shati jeupe. Aliponiona akaja mbio.

"Shemeji! Mikono hii ya kushika nyundo? Watu watanisema mimi!"

"Mama yako ananilazimisha. Lakini shemeji, vijana wako wapi? Mbona pamelala hivi?"

Hakupepesa jicho. "Wanamalizia oda upande wa pili. Wiki ijayo wanarudi hapa. Kwani mauzo huyapati?"

Nayapata. Unga upo. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza, wahenga walisema, na Sukari alikuwa hachoki kutembea. Lakini sikio langu lilikuwa limejaa utamu wake.

"Nitaongea na Mama," akaniahidi. "Akuachie."

Jioni alienda kweli. Niliwasikia toka jikoni kwangu. Yaani sauti ya bibi ilipasua mtaa.

"Hatoki! Atavunja hadi mikono ichanike! Amemmaliza mwanangu, nami nimwache alale? Ukuta ni wangu, na atautoa kwa damu yake! Wewe shika lako!"

Sukari akatoka mbio na ndala moja. Nyingine ikamfuata hewani. Akaipokea, akaja kwangu anacheka.

"Shemeji, yule anakuchukia hadi kwenye mifupa. Mpe mawe yake tu yaishe. Anataka kukuona unateseka."

Basi nikateseka.

Nani kati yenu amewahi kupasua jiwe? Unatafuta mstari wake wa asili, unachimbia kabari, unagonga, unahamia ya pili, unagonga, unarudi ya kwanza. Ukiwa na haraka linapasuka vibaya. Ukiwa na hasira linapasuka vibaya zaidi. Nami nilikuwa na vyote viwili. Wiki ya kwanza nilitengeneza kokoto tupu.

Viganja vikatoa malengelenge, yakapasuka, yakaota mengine juu yake. Usiku nilishindwa kushika kijiko.

Nikirudi na mkokoteni, Kamanda ananisubiri uani na kamba yake ya kunyooshea ukuta ameshaifunga. Ukuta alikuwa anaujenga mwenyewe. Nikashangaa bibi anajua: jiwe analilaza kama lilivyokuwa limelala mwambani, halisimamishi kamwe. Kila hatua chache anaweka refu moja linalokatiza ukuta mzima ili pande zishikane.

"Hili bovu."

"Limefanya nini, Mama?"

"Limefanana na wewe. Lete lingine."

Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yetu. Yeye ananitukana, mimi nambebea. Kila jioni, kabla sijaingia ndani: "Nyoosha mikono." Nanyoosha. Anapapasa, anasonya, anaondoka. Sijawahi kusikia "pole".

Majirani wakanionea huruma waziwazi. Mmoja akaniambia ningemshtaki. Wengine wakasema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nikawajibu hili langu halinijui na linanila kwa kijiko.

Ukuta ukanifika kiunoni. Ukanifika kifuani. Nikafurahi, maana ukipita kichwa sitamwona tena.

Kisha mvua ya kwanza ikanyesha.

Ilinyesha jioni, ikakata. Nilikuwa na mipango yangu: kesho siendi mwambani, jiwe likilowa linateleza, napumzika.

Alfajiri yake Kamanda akagonga dirisha kwa fimbo.

"Toka. Nataka mawe leo."

"Mama, mvua imenyesha! Nitavunjika mguu!"

"Una miwili. Toka! Na usirudi hapa kabla ya saa sita. Nikikuona mapema, nguo zako utazikuta barabarani."

Nilitoka nikimlaani. Siwafichi, nilimlaani njia nzima, yeye na ukuta wake.

Nikafika mwambani. Nikapanda sehemu ya juu iliyokuwa kavu, nyuma ya jabali, nikaanza kugonga kabari. Roho inafoka, mikono inagonga.

Nikasikia sauti za watu chini.

Nikachungulia. Mwenyekiti wa machimbo yuko pale, na wavunjaji wengine nyuma yake. Nikakumbuka: mvua ya kwanza ikinyesha, kesho yake wanakagua vipande vilivyolala. Sijawahi kuhudhuria. Kazi yangu ilikuwa barabarani, mambo hayo alikuwa anayajua Nyundo.

Pembeni ya mwenyekiti alisimama mtu mnene mwenye viatu vya ngozi. Nikamtambua. Ni yule mwenye mtambo wa kusaga kokoto. Alishanunua vipande viwili vya jirani na kuvigeuza unga.

Na aliyekuwa anaongea, kwa ile sauti tamu, ni shemeji yangu wa moyo.

"Ndugu zangu, mnajua msiba ulionipata. Kaka yangu hayupo. Mjane wake, maskini, amevunjika moyo, hajagusa kipande hiki toka mvua ya mwaka jana. Mimi namlisha. Kipande kimelala. Kwa uchungu mkubwa natangaza mbele yenu kwamba nakiamsha mimi, na mwenzangu huyu ataleta mtambo."

Nyundo ilinitoka mkononi.

Iliporomoka, ikagonga mwamba mara mbili, ikatua miguuni pa mwenye viatu vya ngozi. Akaruka kama binti aliyeona panya. Wote wakatazama juu.

"Kimelala wapi?" nikauliza.

Nikashuka. Matope hadi magotini, kilemba kimefunguka, sura sijui ilikuwaje. "Shemeji, nimekuuliza. Kimelala wapi?"

Sukari akatabasamu. Mnaona? Hata hapo. "Shemeji, nenda nyumbani, hujui mambo haya. Hizo ni chokochoko za Mama tu, kuokota vijiwe vya ukuta. Huko si kuvunja."

Mwenyekiti hakumjibu. Alikuwa mtu mkavu asiyependa maneno. Akasogea mwambani, akapitisha mkono palipopasuliwa. Jiwe la ndani lilikuwa jekundu bichi, na makovu ya kabari yamepangana kutoka chini hadi nilipokuwa.

"Nani amevunja hapa?"

"Mimi."

"Umeajiri nani?"

"Sijaajiri. Kibarua alikuja siku moja, nikamsimamisha."

"Nyoosha mikono," akasema mwenyekiti.

Nywele zilinisimama.

Nikanyoosha. Akapapasa viganja kwa dole gumba, vilevile, mahali palepale. Akawageukia wenzake.

"Mnajua sheria yetu. Hatuna karatasi. Anayedai kipande anaonyesha viganja." Akamwangalia Sukari. "Na wewe. Nyoosha."

Sukari akaweka mikono mfukoni.

Mtu mmoja akacheka. Wa pili akafuata. Machimbo yote yakaangua kicheko, na yule mwenye mtambo akaanza kutembea kuelekea gari lake bila kuaga.

"Kipande kiko macho," mwenyekiti akatangaza. "Twendeni kwa mwingine."

Sukari alinipita akinong'ona. Utamu ulikuwa umeisha. "Mwanamke mjinga wewe. Utakufa na hilo jiwe kama alivyokufa yeye." Baadaye nilikuja kujua yale "mauzo ya kipande" yalitoka kwenye rundo alilokuwa ameliacha marehemu. Alikuwa ananilisha mali yangu mwenyewe, ili nisiinuke kwenda kuangalia. Kikulacho ki nguoni mwako, na mimi nguo hiyo nilikuwa naifua na kuipiga pasi.

Nikakimbia nyumbani.

Kamanda alikuwa uani, amepiga magoti, anachomeka vijiwe vidogo kwenye nyufa za ukuta. Hakuinua kichwa.

"Saa sita haijafika."

"Mama, ulijua."

Akachomeka kijiwe kingine.

"Ulijua Sukari anakilaza kipande makusudi. Ukuta huu, mikono, kunitoa leo asubuhi. Ulijua yote. Kwa nini hukuniambia?"

"Ningekwambia Sukari mwizi, ungeniamini mimi?"

Nikatazama mawe.

"Ungekwenda kumuuliza yeye," akasema. "Angekulainisha, ungerudi ukanitukana, naye angetafuta njia nyingine. Umbea wako naujua."

"Basi ungesema pale machimboni! Wewe ni mama yake, wangekusikia."

Hapo ndipo akainua kichwa. Sijawahi kumwona vile. Macho mekundu, midomo inacheza.

"Nilizaa wawili. Mmoja nimemfukia. Unataka nisimame mbele ya watu nimwite aliyebaki mwizi? Siwezi. Mdomo unakataa." Akapiga jiwe kwa ngumi. "Lakini kukufukuza wewe nilikuwa naweza. Kila mtu anajua sikupendi. Hata yeye alijua. Nani angeuliza?"

Nikaketi kwenye matope, nikaanza kulia, nikanyoosha mkono kumshika.

Akaupiga kofi.

"Usinishike. Sikufanya kwa ajili yako. Yule mtoto ni damu ya mwanangu, na kile kipande ni jasho lake. Wewe umepita tu katikati."

"Asante, Mama."

"Asante kaweke jikoni. Jiwe la leo liko wapi?"

Sikuwa nimeleta. Akanitukana hadi jua likazama.

Basi ndugu zangu, hayo ndiyo yangu. Kipande ninacho, binti yangu anasoma, Sukari alihama mji na mama yake hajawahi kulitaja jina lake tena. Wakati mwingine namsikia anamlilia, upande wa pili wa ukuta. Siendi. Najua hataki.

Nilichojifunza ni hiki: ulimi wa mtu usikudanganye, uwe mtamu au mchungu. Tazama baada ya yeye kupita, mikono yako imebaki na nini. Mmoja aliniachia unga, nikabaki na mikono ya kupokea. Mwingine aliniachia malengelenge, nikabaki na mwamba.

Mama mkwe wangu hanipendi mpaka leo.

Na sitaki aanze.